Msemaji Hakupatikana

Ukitaka kujua mwanamke amekasirika kiasi gani, usimtazame usoni. Tazama anavyopanda ngazi. Aliyekasirika kidogo hupanda kwa kishindo, watu wasikie. Aliyekasirika kwelikweli hupanda polepole, kama mtu aliyebeba trei ya mayai, kwa sababu hataki hasira imwagike njiani kabla haijamfikia mwenyewe.

Kengele alipanda ngazi za ofisi ya gazeti polepole.

Jina hilo alipewa humohumo, miaka ile akiwa mwandishi wa habari, kwa sababu akicheka kwenye dawati la siasa, hata watu wa michezo kule mwisho wa ukumbi waliinua vichwa. Sasa hakuwa wao tena. Alikuwa msemaji mpya wa chuo kikuu, mwenye ofisi yake, mlango wenye kitasa kinachofunga, na kibao cha cheo ambacho fundi alikipigilia kombo. Kabla hata kibao hakijanyooshwa, maneno yalikuwa yameshaanza. Wahadhiri wa uandishi wa habari pale chuoni walinung'unika kwamba huyu jana alikuwa anauliza maswali, leo analipwa kuyakwepa, na sisi tunawafundisha watoto maadili gani? Mmoja wao alisema kwenye korido, kwa sauti iliyohakikisha inafika, kwamba chuo kimejinunulia kasuku.

Kengele aliyameza. Alijiambia watamjua kwa kazi.

Asubuhi hii walikuwa wamemjua. Alilikunja gazeti mkononi mpaka likawa gumu kama mwiko, lakini kichwa cha habari kilisomeka hata hivyo: wanafunzi waendelea kunywa maji machafu. Ni kweli tangi la bweni la wasichana lilikutwa na njiwa waliokufa ndani. Ni kweli wasichana kadhaa walilazwa kwa kuharisha. Lakini tangi lilikuwa limeshafungwa, Kengele mwenyewe akiwa amesimama pale, viatu vimelowa, fundi akikata bomba, na maji safi yalikuwa yakiletwa kwa gari. Hakuna aliyekuwa anaendelea kunywa chochote. Simu moja tu kwa msemaji ingetosha kulifahamu hilo, na aya ya mwisho ya habari ilieleza kwa nini simu hiyo haikusaidia: "Jitihada za kumpata msemaji wa chuo hazikufanikiwa, kwani simu yake iliita bila kupokelewa."

Habari ilikuwa mtandaoni tangu usiku, na wazazi walianza kujaa getini kabla jua halijachomoza.

Mkuu wa Chuo hakumfokea. Afadhali angefoka. Alimwambia, macho yakiwa dirishani kwenye umati ule, "Kabla ya jioni niletee maelezo ulikuwa wapi, maelezo ninayoweza kuyasoma mbele ya baraza bila kuona haya. Ukiyakosa, niletee funguo."

Alikokuwa, Kengele alikujua vizuri. Alikuwa mezani kwa mama mzazi wa Nukta, pembeni ya Nukta mwenyewe, anakula kuku kwa adabu zote alizowahi kufundishwa.

Nukta ni mwandishi wa gazeti hilo, na ndiye mwanamume aliyempenda. Waliitana majina hayo ya ukumbi wa habari hata wakiwa peke yao. Nukta alilipata lake kwa tabia yake ya kufunga ubishi kwa kusema "nukta," kama vile maneno yote ya duniani yanamsubiri yeye ayafunge.

Chini pale mapokezi mlinzi alikuwa amemzuia. "Dada Kengele, samahani, siku hizi wewe mgeni. Vaa hiki." Akamvisha kitambulisho cha mgeni, kamba yake ndefu mpaka kitovuni. Mtu hawezi kugombana vizuri akiwa amevaa kitu kama hicho, lakini Kengele alidhamiria kujaribu.

Alikuwa amekuja kugombana na mwandishi wa elimu, mama mtu mzima ambaye ukumbi mzima humwita Shangazi. Alimkuta kwenye dawati lake, miwani kwenye paji la uso, akitafuta miwani.

"Iko kichwani, Shangazi."

"Ahsante, mwanangu." Aliivuta chini, akamtazama, akaelewa. "Nilikupigia. Nilikupigia mpaka kidole kikaniuma. Simu yako inaita kama mtoto aliyeachwa sokoni, hakuna anayemwokota."

"Na ofisini?"

"Ofisini nani yupo jioni? Nimepiga, nimetuma ujumbe, Mhariri amesimama mgongoni kwangu anasema ukurasa unaondoka. Ungefanyaje wewe, ulipokuwa umekaa pale?" Alionyesha kwa kidevu dawati la zamani la Kengele.

Kengele alilitazama lile dawati. Angefanya vilevile, na alijua.

"Isitoshe," Shangazi akaendelea, "hii haikuwa hata habari yangu. Aliyeinusa ni huyo wako. Akaja kwa Mhariri, akasema ana uhusiano na msemaji, kwa hiyo anajitoa. Akanikabidhi kila kitu mkononi. Nikasema, huyu kijana ana maadili, atamfaa Kengele wetu." Akamtazama juu ya miwani. "Hakukwambia?"

Hasira ina tabia za mpangaji. Unaweza kuiona imetulia nyumba moja, na kufumba na kufumbua imebeba godoro lake na kuhamia ya pili. Hasira ya Kengele ilimwacha Shangazi pale pale, ikavuka ukumbi mzima, ikapita mashine ya kuchapa nakala na birika la chai, ikatua nyuma ya kompyuta ambako Nukta alikuwa ameinamisha kichwa kama mwanafunzi anayeomba mwalimu asimwite ubaoni.

"Twende," Kengele alimwambia.

"Wapi?"

"Popote penye mlango."

Penye mlango palikuwa chumba cha magazeti ya zamani. Bahati mbaya mlango wenyewe ulikuwa wa kioo. Ukumbi mzima wa habari, watu waliosomea kujua yasiyowahusu, ukakumbuka ghafla kwamba una kazi upande ule.

"Ulijua?" Kengele aliuliza.

"Kaa kwanza, mpenzi."

"Sikuja kukaa. Ulijua habari inatoka leo?"

"Nilijua."

"Ulijua jana jioni Shangazi atanipigia?"

"Ni kazi yake kukupigia."

"Sijauliza kazi ya Shangazi."

"Nilijua," alisema Nukta.

"Na kapu lilipoanza kunguruma?"

Hapo inabidi msomaji aelezwe habari za kapu.

Mama yake Nukta alikuwa matroni wa shule ya bweni ya wasichana mpaka alipostaafu, na wote waliomfahamu wanakiri kwamba alistaafu kazi tu. Kazi haikumstaafu. Ukifika mlangoni kwake anakupokea kwa kapu lenye kifuniko, unaweka simu ndani, kifuniko kinashuka, ndipo unakaribishwa. Hakuna aliyewahi kuachiwa apite nayo, hata fundi wa umeme. Wachumba waliotangulia kuletwa na Nukta walianguka hapo hapo mlangoni. Mmoja alijaribu kuingia na simu ya pili, na jina lake halitajwi tena katika nyumba ile. Kuhusu Kengele alikuwa ameshatoa hukumu hata kabla hajamwona: "Mwandishi na mwandishi nyumba moja. Nani atakayenyamaza?" Chakula cha jana kilikuwa rufaa, na rufaa haikatwi mara mbili.

Kengele aliiweka simu yake kapuni bila neno. Katikati ya kuku, kapu likaanza kunguruma. Likanyamaza, likanguruma tena. Kengele aliinuka nusu. Chini ya meza mkono wa Nukta ukaukuta wake, ukaushika, na sauti yake ikamjia sikioni, laini: "Acha, mpenzi. Leo tu." Akakaa. Alikaa huku moyo umemjaa, akidhani ameshikwa mkono na mtu anayempenda na basi. Mama Matroni alimtazama kwa muda, akamwongezea mchuzi, akasema maneno ambayo Nukta aliyasubiri tangu apate ndevu: "Huyu ana adabu. Nitakwenda kuwaona wazazi wake."

"Nilidhani ni yako," Nukta alisema sasa. "Sikuwa na hakika. Kulikuwa na simu tatu mle ndani."

"Usinidhanie mimi. Ya mama yako haijawahi kupigiwa na mtu tangu ainunue, na yako uliizima mbele yangu."

"Kengele, nilijitoa. Mtu akishajitoa hagusi, haulizi, hadokezi. Kanuni hiyo amenifundisha nani? Ulikuwa umekaa dawati lile pale, unakula karanga, unanihubiria. Nikikudokeza wewe, nimekuwa mtu wa chuo ndani ya gazeti. Nikimwambia Shangazi uko kwa mama yangu, nimeuza siri yako. Ningefanya nini?"

"Ungekaa kimya."

"Nilikaa kimya."

"Mdomo ndio uliokaa kimya. Kanuni inasema usidokeze. Nionyeshe inaposema umshike mtu mkono asipokee simu. Ulijitoa kwa mdomo, ukarudi kwa mkono."

Nje ya kioo mtu wa michezo alivuta pumzi kama mshambuliaji kakosa penalti. Shangazi alimpiga bega kwa gazeti.

Nukta aliegemea rafu, na uso wake uliokuwa ukijitetea ukaanza kuacha kujitetea. Ni uso mzuri, lazima isemwe, wenye nyusi zinazokutana akifikiri. Kengele alikuwa ameupenda kwa sababu ya nyusi hizo, na sasa aliziona zinakutana akatamani kuzikwangua.

"Kama ungeinuka," alisema Nukta, "mama asingekukubali tena. Unamjua. Angetabasamu, angekufungia chakula ubebe, na ingekuwa mwisho. Nilichagua sisi, nukta."

"Hukuchagua sisi. Ulimchagua Kengele anayekaa kimya, kwa sababu ndiye anayeuzika kwa mama yako. Mimi nimeajiriwa kuongea. Ni kazi pekee niliyonayo. Leo getini kuna baba mmoja ameshika vyuma hivi, amesafiri usiku kucha, ananiuliza binti yake yuko hai. Nikamwambia yuko hai, yuko darasani. Akaniuliza, basi jana mbona ulijificha? Nimjibu nini, Nukta? Nilikuwa nakula paja la kuku kwa mama mkwe?"

"Mpenzi..."

"Usiniite hivyo nimevaa hiki." Alinyanyua kitambulisho cha mgeni. "Tangu niingie pale naitwa kasuku. Nimejibu simu bafuni, nimejibu simu kwa daktari wa meno, mdomo umejaa pamba, ili asitokee mtu wa kuandika sipatikani. Na siku ninapoandikwa sipatikani, naandikwa na gazeti langu mwenyewe, na mtu anayejua nilipo ameshika vidole vyangu."

Nukta alitazama chini. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nitaandika masahihisho. Nitaandika yote, kapu, mkono, yote. Jina langu chini."

"Na Mhariri akufukuze."

"Anifukuze."

"Usinifanyie ushujaa leo. Shujaa alihitajika jana mezani, na kazi yenyewe ilikuwa ndogo, kuachia mkono tu." Alivua kitambulisho, kamba ikanasa nywele, akaivuta mpaka ikatoka. "Masahihisho ya tangi ataandika Shangazi, ni habari yake. Ya kwangu nitaandika mimi. Ndiyo taarifa yangu ya kwanza kama msemaji, na wewe umo ndani. Kwa hiyo sikiliza vizuri, hii nayo ni kanuni niliyokufundisha: anayetajwa apewe nafasi ya kujibu. Nitakupigia. Usipopokea nitaandika nilivyoandikiwa mimi."

Akafungua mlango wa kioo. Ukumbi wa habari uligeukia kompyuta zake kwa pamoja, kama bweni taa inapowashwa, na nusu ya kompyuta zilikuwa zimezimwa.

*

Taarifa haikuwa ndefu. Kengele aliiandika ofisini kwake, funguo za mlango zikiwa mezani pembeni ya simu, tayari, zisije zikatafutwa. Aliandika kwamba tangi lilifungwa, na lini, na maji yanatoka wapi sasa, na kwamba mzazi yeyote anakaribishwa aje ayaone na ayanywe pamoja naye. Kisha akaandika sehemu ambayo hakuna msemaji anayefundishwa kuiandika: "Gazeti lilinipigia, na sikupokea. Nilikuwa kwenye chakula nyumbani kwa mama wa mwandishi wa gazeti hilohilo, ambaye ni mchumba wangu, na uhusiano huo sikuwa nimemweleza mwajiri wangu. Simu yangu ilikuwa ndani ya kapu kwa ridhaa yangu. Kosa la kuiweka humo ni langu." Chini yake akaacha nafasi tupu.

Akapiga simu. Iliita mpaka ikachoka.

Akapiga tena kwa hasira mpya, kalamu tayari juu ya ile nafasi. Simu ikapokelewa.

"Mwenye simu hii simu yake iko kapuni," ilisema sauti iliyowahi kunyamazisha vitanda mia kwa neno moja. "Nani mwenzangu?"

Kengele alikaa wima bila kujijua. "Shikamoo, Mama. Ni mimi."

"Marahaba. Mimi nani? Mlangoni watu hujitambulisha."

"Msemaji wa chuo kikuu."

"Kumbe leo umekuja kwa cheo." Kiti kikasikika kikivutwa. "Yuko hapa. Amekuja anahema, nikamwambia simu kapuni ndipo uhemee ndani. Amenieleza yote, nimemsikiliza akiwa amesimama, na bado amesimama. Kapu langu, binti, nililiweka ili watu wazungumze. Yeye amelitumia ili mtu asizungumze. Nimelea wasichana wajanja sana mimi, waliokuwa wanapitisha redio ndani ya mkate. Hakuna hata mmoja aliyenifanyia hivyo."

"Pole, Mama."

"Sijamaliza. Na wewe. Una kazi ya kujibu watu, na watoto wa wenzio wanaumwa. Kwa nini hukusimama mlangoni ukaniambia, Mama, hii yangu haiingii humo?"

Kengele alizitazama funguo. "Niliogopa utanikataa."

"Ningekukataa," alisema Mama Matroni, bila kusita hata kidogo. "Kisha asubuhi ningesoma gazeti, nikajua nimemkataa mtu wa maana. Hiyo ingekuwa aibu yangu, ningeishughulikia mwenyewe. Sasa aibu mmegawana ninyi wawili. Huyu hapa."

Ulisikika mlio wa kifuniko, sijui kwa nini, maana simu ilikuwa imeshatoka. Labda alikifunga kwa hasira tu.

"Nakusikia," alisema Nukta.

"Nakusomea aya." Alimsomea yote, kwa sauti ya kazi, bila kupumzika. "Una kauli?"

"Ninayo. Andika, nilijua simu ile ni ya nini. Andika alitaka kuinuka nikamshika mkono. Andika kwamba kosa lake ni kapu, na la mkono ni langu."

"Nitakunukuu."

"Ninukuu. Mhariri nimeshamwambia mwenyewe kabla sijaja huku."

"Alisemaje?"

"Amesema nikae nyumbani mpaka atakaponiita. Hakusema ataniita lini."

Kalamu ya Kengele ilijaza nafasi. Alipomaliza hakukata simu. Wa upande wa pili naye hakukata. Ilisikika sauti ya Mama Matroni akipanga vyombo taratibu mno, kama mtu anayepanga vyombo ili asikilize.

"Swali la mwisho," alisema Kengele. "Hili si la kunukuliwa."

"Uliza."

"Ule mkono. Ungenishika hata kama simu isingelia?"

"Nilikuwa nimeshaanza kuutafuta kabla haijalia," alisema Nukta. Na safari hii hakuifunga sentensi yake kwa neno lile la kufungia. Aliiacha wazi.

Kengele alikata simu. Akatuma taarifa kwa magazeti yote, la kwake la zamani likiwa la kwanza. Kisha akashuka getini na jagi la maji na bilauri, akaisoma taarifa mwenyewe mbele ya wazazi, mpaka kwenye kuku, na sauti iliyompa jina lake haikuhitaji kipaza sauti. Yule baba aliyekuwa ameshika vyuma alisikiliza hadi mwisho. Alipopewa bilauri aliiinua kwenye mwanga akaitazama, akanywa, akaomba aonyeshwe darasa la binti yake.

Kengele aliporudi ofisini alimkuta Mkuu wa Chuo amesimama mbele ya dawati lake, taarifa mkononi. Funguo zilikuwa palepale.

"Baraza litakuita," alisema Mkuu. "Hili la mchumba ulipaswa kuniambia siku ya kwanza, na sitakutetea kwa hilo."

"Sitarajii, Mkuu."

"Wazazi wengi wameanza kuondoka. Mmoja amekuja kuniuliza kapu la namna hiyo linauzwa wapi." Hakutabasamu, ila alichukua muda mrefu kidogo kufika mlangoni. "Funguo zichukue. Utazihitaji kesho asubuhi. Na kile kibao kiko kombo."

Kengele alibaki peke yake. Hasira ilikuwa bado imekaa naye chumbani, mgeni asiyejua kuaga. Aliitoa simu mfukoni, akaiweka katikati ya meza, uso juu, mlio mpaka mwisho. Alijua italia. Alimjua atakayepiga. Na alishaamua kwamba ataiacha iite kwanza, iite vizuri, mpaka yule wa upande wa pili ajue kunavyokuwa, halafu ndipo apokee.